Kamba Nyembamba katika Moyo wa Mbuyi

Ni wiki tatu tangu nirudishe ufunguo wa chumba cha ekografia, ile mashine ya kuutazama moyo, na bega langu la kulia bado linaamka alfajiri likidhani lina zamu. Waliniaga kwa soda, keki na saa kubwa ya ukutani, zawadi ya ajabu kwa mtu aliyetumia nusu ya maisha yake akitazama saa na kungoja umeme urudi. Niliitundika sebuleni kwa heshima, nikaisikiliza kidogo, kisha nikaitoa betri. Solange, binti niliyemfundisha na ambaye sasa amebaki na mashine, ndiye aliyeniomba niandike haya.

"Mama Bernadette, andika bitu byote unajua, juu benye bapya bakuye basome."

"Nimechoka, Solange."

"Andika tu na ile kuchoka yako."

Basi ninaandika nayo. Vyeo na mishahara mtavikuta kwenye makaratasi ya ofisi, ikiwa panya hawajatangulia. Mimi nitaandika habari za mioyo, maana ndiyo kazi niliyoifanya hapa Kolwezi: kutazama mioyo ya watu kwenye kioo na kusema ilivyo. Mwishoni nitaandika jambo moja ambalo Solange hakuniomba.

Nilianza nikiwa muuguzi wa watoto. Siku mashine ya kwanza ilipofika ilikuwa ndani ya sanduku la mbao, imebandikwa jina la hospitali ya Ulaya kwa lugha ambayo hakuna kati yetu aliyeweza kuisoma, na gurudumu moja lilikuwa limekufa. Tuliisukuma watu wanne kama gari la mahindi. Aliyejua kuitumia alikuwa mmoja tu, Docta Ngoie, daktari wa moyo, mtu wa kaskazini ya Katanga, Mprotestanti asiyegusa bia, aliyekuwa akiimba nyimbo za kanisani kwa pua huku akipima. Alinichagua mimi kwa sababu, alisema, nilikuwa naweza kumtoa mtoto damu bila kumliza. Siyo kweli, walilia, ila walilia kidogo.

Somo la kwanza halikuwa na daftari. Aliniambia nivue shati, nilale mwenyewe. Akanipaka jeli, akaweka kati ya mbavu zangu kile kifaa cha mkononi tunachokiita sonde, akageuza kioo kunielekea. Mimi ni Mkatoliki. Moyo nilioujua ulikuwa ule mwekundu wa kwenye picha ya parokia, umetulia, una miali pembeni. Hapo nikaona kitu cha kijivu kinarukaruka gizani, na ndani yake vilango vidogo vinafunguka na kujifunga bila kupumzika.

"Njo ile?" nikauliza.

"Njo ile. Njo inakutembeza tangu ulizaliwa, na haujaisemaka hata aksanti."

Nililia pale kitandani, mama mzima mwenye watoto wawili. Docta Ngoie alinipa pamba nijifute jeli na machozi pamoja, akaendelea kuimba.

Kanuni yake ilikuwa moja, na aliirudia mpaka nikawa naisikia usingizini: "Unaandika kile unaona. Haiko kile unajua, haiko kile bamekuambia. Kile unaona." Alikuwa na sababu. Mtu akikuambia kabla kwamba mgonjwa ana tundu la moyo, utaliona tundu hata mahali palipo na kivuli cha ubavu.

Kwa ninyi mnaoanza, haya hayamo vitabuni. Mlaze mgonjwa ubavu wa kushoto, mkono wa kushoto chini ya kichwa, umwambie atoe pumzi yote na kuibana. Hapo moyo unasogea karibu na mbavu, nawe unaona. Akiwa mnene, vumilia. Akiwa na aibu, mfunike kwa kitenge chake mwenyewe, siyo kwa shuka la hospitali. Kile kipira cha kuongozea alama kwenye mashine kitaziba kwa vumbi kila wiki mbili, maana vumbi la machimbo haliheshimu mlango. Kitoe, kifute kwa pamba na alkoli, usikipulize kwa mdomo. Na jeli ikiisha, pikeni uji mwembamba wa unga wa muhogo na chumvi kidogo, uache upoe. Unafanya kazi vizuri. Mzee mmoja nilipompaka uji huo kifuani aliniuliza, "Mama, na samaki yake iko wapi?"

Miaka ile ya mwanzo wagonjwa wetu wengi walikuwa watoto. Mama mmoja alikuja kwa treni kutoka Lubudi na msichana wa miaka minne. Hakuwa na barua ya daktari, alikuwa na sentensi moja tu: "Akicheza, anachutama." Wauguzi walicheka, kwani mtoto gani hachutami? Docta Ngoie hakucheka. Tulipoweka sonde tukaona tundu kubwa kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, na njia ya kwenda mapafuni imebana mpaka damu inapita kwa shida. Mtoto alikuwa amejifundisha mwenyewe kwamba akichutama anapata pumzi. Kila kipimo tulikiandika, kila picha tuliipiga, jina lake likawekwa juu ya orodha ya watoto wa kuonwa na madaktari wa upasuaji watakapokuja. Hakuwafikia. Tulikuwa tumeujua ugonjwa wake vizuri sana, na akafa na ugonjwa uliojulikana vizuri. Kesho yake mimi na Docta Ngoie tukapika uji mwingine.

Baadaye yakaja makampuni, na mashimo mapya, na pamoja nayo visiti, kupimwa afya kabla ya kuanza kazi. Kila kijana aliyetaka kazi mgodini alipitia kwetu. Foleni ilifika getini. Walioonekana wazima waliandikiwa neno moja, apte, na waliosikika na kelele kifuani walirudi nyumbani na makaratasi yao mkononi. Docta Ngoie alikuwa amekwisha kustaafu, amerudi Lubudi kulima mahindi, na kupima mioyo kulibaki kazi yangu. Watu wakaanza kusema, "Mama Bernadette hakosei." Neno hilo nililisikia, na nililipenda kuliko inavyofaa.

Niwaambie jambo moja juu ya mioyo. Sura za watu ninasahau, majina ninasahau zaidi, hata wajukuu zangu ninawaita kwa kubahatisha. Moyo sisahau. Kila mmoja una namna yake ya kuruka, una kovu lake, una kipande kinene hapa na chembamba pale. Nimekutana sokoni na mtu nisiyemjua kabisa akanisalimia, na nikamkumbuka siku alipolala tena kitandani.

Siku moja ya visiti niliita jina Mbuyi. Hakuna aliyeitika. Nikaita tena, na kijana mmoja akasimama haraka kama aliyeamshwa. Karatasi zake zilisema ana diploma ya umakanika, anaomba kazi ya ufundi wa magari makubwa ya mgodini. Picha ilikuwa yake, sura ileile. Alipolala na kuweka mkono chini ya kichwa niliiona mikono yake: viganja vigumu, udongo mwekundu umeingia kwenye kucha mpaka umekuwa rangi yake. Mikono ya mchimbaji, siyo ya mtu aliyetoka shule. Niliiona, nikajiambia kwamba mimi ninaandika kile ninachokiona kwenye kioo.

Na kwenye kioo kulikuwa na moyo mzuri ajabu. Vilango vinafunguka vyote, kuta zina nguvu, na katikati ya chumba cha chini cha kushoto kulikuwa na kamba nyembamba imevuka kutoka ukuta huu hadi ule, inatikisika kwa kila pigo. Kamba ya namna hiyo mtu huzaliwa nayo. Haidhuru, haiongezi, haiponyi. Niliandika kwa mkono wangu: moyo wa kawaida, kamba nyembamba isiyo na madhara katika chumba cha kushoto. Nikatia sahihi. Apte.

Sasa hapa ndipo ninapojilaumu, na lawama yangu ni ya nyumbani kabisa. Mimi ni Mluba wa Kasai. Babu yangu aliletwa huku na treni kuja kuchimba shaba, lakini hatukuacha majina yetu njiani. Kwetu, Mbuyi ni jina la pacha anayezaliwa kwanza. Anayemfuata anaitwa Kabanga. Na kwetu hakuna anayemsalimia pacha mmoja bila kumuuliza mwenzake. Ukimpa mmoja ndizi, unaweka nyingine kwa ajili ya yule asiyekuwepo. Bibi yangu alinifundisha hivyo kabla sijajua kusoma. Ni kweli kwamba siku hizi nusu ya kina Mbuyi wa Kolwezi wamerithi tu jina la babu. Lakini kuuliza hakukatazwi, na hakuchukui dakika. Nilimsalimia Mbuyi, nikampima Mbuyi, nikamruhusu Mbuyi, na sikuuliza Kabanga yuko wapi.

Miaka ikapita. Mbuyi fundi alikuwa akija kwenye zahanati ya kampuni akikohoa. Alichoka akipanda ngazi ya gari. Kila daktari alifungua faili, akasoma "moyo wa kawaida" na sahihi yangu chini yake, akasema ni vumbi. Wakampa dawa ya kupuliza, wakampa sharubati ya kikohozi, wakamwondoa kwenye karakana na kumweka stoo ya vipuri. Karibu mwaka mzima alitibiwa vumbi. Hakuna aliyeagiza ekografia, kwa nini waagize? Mama Bernadette alikuwa amekwisha kutazama.

Daktari mmoja kijana, mgeni katika hospitali yetu, ambaye hakujua sifa zangu, ndiye aliyemtuma kwangu. Ilikuwa Ijumaa, karibu na mwisho wa kazi. Nilifungua faili kwanza. Picha ya zamani ilikuwa imefutika kabisa, maana karatasi zile za mashine zinageuka nyeupe zikikaa. Mwandiko wangu tu ndio ulikuwa umebaki. Nikasoma habari ya kamba. Nikamlaza Mbuyi, nikaweka sonde, nikaitafuta ile kamba ili nimsalimie rafiki wa zamani.

Haikuwepo. Niligeuza sonde pande zote. Nilichokiona ni kilango kati ya chumba cha juu cha kushoto na cha chini, kimekuwa kinene, kimejikunja kama goti la mtu aliyekaa, hakifunguki ila ufa mdogo. Kilango cha mtu aliyeugua koo na viungo utotoni bila kutibiwa. Nyuma yake chumba cha juu kilikuwa kimevimba kwa damu isiyopata njia, mapigo yalikuwa yanakwenda ovyo, na ndani ya chumba hicho kulikuwa na moshi unaozunguka polepole. Ninyi mtakaoona moshi huo mjue: ni damu inayokaribia kuganda. Kilango kinaweza kuharibika kwa miaka. Kamba ya kuzaliwa nayo haiondoki.

"Mbuyi," nikamwambia, "ile siku ya visite, njo weye ulilala hapa?"

Akatazama dari.

"Kabanga eko wapi?"

"Eko Mutoshi, Mama," akajibu kwa sauti ndogo. "Anachimba."

Akaniambia yote akiwa amelala vilevile, jeli inakauka kifuani. Tangu utoto alikuwa hawezi kubeba hata ndoo. Muuguzi mmoja huko Tenke, walipokuwa wanaishi kwa mjomba, alisikia kelele moyoni mwake. Kwa kuwa hakuweza kazi za nguvu, alipelekwa shule. Kabanga, aliyekuwa mzima, akaacha shule akaenda kuchimba, na mifuko ya Kabanga ndiyo iliyomsomesha. Kazi ilipopatikana, diploma ilikuwa ya mmoja na moyo ulikuwa wa mwingine. Wakaviweka pamoja.

Nilipaswa kuandika palepale. Daktari kijana alikuwa bado ofisini, ningetembea hatua ishirini. Dawa ya kuzuia damu isigande ilikuwa kabatini. Badala yake nilimwambia Mbuyi apumzike, asipande ngazi, arudi Jumatatu kuchukua jibu. Nilitaka kufikiri kwanza.

Jumamosi mama yao alikuja kwangu. Kwetu mama wa mapacha anaitwa kwa jina la mkubwa wao, Mwambuyi, na ni jina la heshima. Nilimpa kiti, akakataa, akakaa chini kwenye saruji.

"Mama Bernadette, mi njo nilibatuma. Huyu eko na diplome, ule eko na nguvu. Mu tumbo yangu balikaa pamoja, mi nikasema na ku kazi baende pamoja. Sasa ukiandika, batafukuza Mbuyi, na Kabanga batamufunga."

"Mwambuyi, mutima ya Mbuyi iko mubaya sana."

"Najua. Najua tangu eko mutoto." Akanishika mguu. "Andika, lakini usiandike."

Nilimwinua, nikamsindikiza mpaka barabarani, sikumwahidi kitu. Jumapili nilikwenda misa na sikusikia neno hata moja la mahubiri. Nilikuwa napima kichwani. Nikiandika kwamba moyo wa kwanza haukuwa wake, kampuni itasema alikuja na ugonjwa wake, itamfukuza, na ataufia nyumbani kwa mama yake. Nikinyamaza, faili litaendelea kusema uongo kwa mwandiko wangu. Hayo ndiyo niliyojiambia kuwa nayafikiri. Ukweli ni kwamba chini yake kulikuwa na kitu kingine kidogo na kichafu. Nilikuwa naona aibu. Nilikuwa naogopa siku watu watakaposema kwamba Mama Bernadette alikosea. Aibu hiyo ilichukua nafasi kubwa kuliko Mbuyi mwenyewe, naandika hili waziwazi kwa kuwa sitarudi kazini.

Jumatatu, nikiwa njiani, jambo likawa rahisi ghafla. Hakuna aliyeniuliza juu ya moyo wa zamani. Niandike wa leo. Niliingia, sikuvaa hata koti, nikaandika kile nilichokuwa nimekiona Ijumaa: kilango kimebana vibaya, chumba kimevimba, moshi, hatari ya damu kuganda. Nikabeba karatasi kwenda kwa daktari. Kwenye korido nikamkuta Mwambuyi amesimama, ameshika beseni tupu.

Asubuhi hiyo Mbuyi alikuwa ananawa uso. Beseni lilimponyoka, akainama kuliokota, mkono wa kulia haukwenda. Mdomo ukapinda. Donge la damu lilikuwa limetoka katika kile chumba nilichokiona, likapanda kichwani. Karatasi yangu ilikuwa sahihi kila neno, na ilichelewa siku tatu.

Mwambuyi hakunipigia kelele. Aliniuliza tu, "Uliandika?" Nikamwonyesha karatasi. Hajui kusoma Kifaransa, lakini aliitazama kwa muda mrefu.

Kuhusu kampuni, mambo yalikwenda jinsi ambavyo sikutarajia. Waliangalia faili: siku ya kuanza kazi, moyo wa kawaida; leo, moyo mgonjwa. Wakahitimisha kwamba ameugua akiwa kazini, na wakamtuma nje kufanyiwa upasuaji. Yaani uongo wa mapacha, wenye sahihi yangu, ndio uliompeleka kwa mpasuaji. Ningeuona ukweli siku ya kwanza, asingepata kazi, asingepata safari, angebaki orodhani kama yule mtoto wa Lubudi. Msiniulize funzo lake ni nini. Nimeligeuza pande zote kama sonde na sijapata mahali pa kuliona vizuri. Wakamwekea kilango cha chuma. Moyo ukapona, mkono haukurudi.

Nilichukua likizo ya siku chache nikaenda Lubudi kumwona Docta Ngoie. Amezeeka, lakini bado anaimba kwa pua. Nilimkuta anapukuchua mahindi, nikakaa karibu naye, nikapukuchua pia, nikamweleza yote tangu mikono yenye udongo mpaka beseni. Nilijitetea kidogo. Nilimkumbusha kanuni yake, kwamba niliandika kile nilichokiona.

Akamaliza gunzi alilokuwa nalo ndipo akasema: "Nilikufundisha kuandika kile unaona, ni kweli. Sikukufundishaka kungoja."

Mkewe akaleta bukari, ugali wetu, na mboga ya muhogo, tukala. Nilirudi Kolwezi nikafanya kazi miaka mingine, na tangu hapo hakuna mgonjwa aliyeshuka kitanda changu kabla jibu halijaandikwa. Vijana walidhani ni ukali. Waliniita Mama Andika, najua, msidhani sikusikia.

Mnaweza kuniuliza kwa nini ninataja majina yao. Nimetaja kwa sababu hayamtambulishi mtu. Kila mapacha wa Kiluba wanaitwa hivyo. Atakayewatafuta aanzie Kolwezi, apite Likasi, amalizie Kasai, nami namtakia safari njema.

Wiki yangu ya mwisho kazini nilikuwa sishiki tena sonde. Nilikaa kwenye kiti nyuma ya Solange, bega limefungwa kitambaa, namwacha afanye. Akaita jina la anayefuata katika visiti, mtu anayeomba kazi ya kupakia mizigo ghalani. Aliita Kabanga. Aliitika mara ya kwanza.

Akalala ubavu wa kushoto. Sikumtazama usoni, nilitazama kioo. Moyo mzuri, umezeeka kidogo kama sisi wote, kuta bado zina nguvu.

"Mama," Solange akasema, "kuko kamba hapa, mu chumba ya kushoto. Haina bubaya. Niandike?"

"Unaiona?"

"Naiona."

"Andika. Sasa hivi, mbele hajashuka."

Akaandika. Kabanga alikuwa ananitazama kutoka kitandani, mkono wake mgumu chini ya kichwa.

"Mara hii nimekuya na jina yangu, Mama," akasema.

Solange hakuelewa, akadhani ni salamu. Mimi nikamuuliza lile ambalo bibi yangu alinifundisha kuuliza: "Na Mbuyi, eko wapi?"

"Eko inje, ku banki. Alikataa nikuye mi peke yangu."

Nilitoka. Kwenye benchi la korido alikaa mtu mwenye sura ya Kabanga, mwembamba zaidi, mdomo umevutika kidogo upande mmoja. Aliponiona akasimama kwa kujisukuma na mkono mmoja. Ule mwingine ulining'inia ndani ya shati safi la mikono mirefu, kifungo kimefungwa na mtu mwingine. Nilikuwa nimeandaa maneno kwa miaka. Nilitaka kumwambia habari ya Ijumaa ile, na kwamba daktari alikuwa hatua ishirini. Nikasema tu kwamba nilichelewa. Akatikisa kichwa, sijui kama ni kukubali au ni kunikatisha.

Kwetu hakuna anayempa mtu mkono wa kushoto, tena mtu aliyemzidi umri, ni tusi. Mbuyi aliutazama mkono wake, kisha akaunyoosha.

"Mama, musamaha," akasema polepole, akitafuta kila neno. "Ni ya kushoto."

Nikaupokea kwa mikono yangu yote miwili. Korido ilikuwa kimya, tulisimama karibu hivyo, na kifuani mwake nikakisikia kile kilango cha chuma kinagonga, wazi kabisa, kama saa ya ukutani.